Leso haitapanda ndege

Mombasa, Ijumaa

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Sisi hatujambo, kikohozi cha babako kimepungua. Ujumbe wako wa WhatsApp nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani.

Kwanza hiyo leso, kanga yetu, unayotaka nikutumie uiambatanishe na maombi yako ya MBA: haiendi New York. Masharti ya Stern, hicho chuo cha biashara unachoomba huko, umenitumia mwenyewe. Hawapokei kitu cha posta wala kiungo cha tovuti. Wanataka picha sita ndani ya faili moja la PDF, kila picha na sentensi yake moja, na utangulizi usiozidi sentensi tatu. Basi. Wewe mara katuni, mara video, mara shairi. Nani kakuuliza shairi?

Halafu nikacheka peke yangu dukani. Picha, na chini yake sentensi moja! Hiyo si leso, mwanangu? Umekulia chini ya meza ya duka la leso hapa Biashara Street, na ubunifu unautafuta mbali.

Unalikumbuka lile robota la leso la mwaka wako wa darasa la nane? Maua mazuri, rangi haichuji, majina, yale maneno ya chini, yamepoa kama chai ya jana. Wanawake walishika, wakasoma, wakarudisha. Nilikaa nalo karibu miaka miwili. Mteja huitwa na pindo la pembeni na mji wa katikati, lakini pesa huzitoa kwa ajili ya jina. Na jina halielezi picha. Leso ya korosho haiandikwi "hizi ni korosho". Utakuta imeandikwa "Japo sipati tamaa sikati", na anayeinunua anajua anamwambia nani.

Sasa rasimu yako. Picha ya kwanza uko Mlima Kenya, na chini umeandika kwamba ulipanda Mlima Kenya. Naona. Ya tatu umevaa suti, maneno yanasema u mtu wa kazi. Suti ilishasema, tena kwa sauti. Sentensi unazo sita tu, mbili umeshazimwaga.

(Ile orodha ya mambo 25 juu yako, ya chuo kingine unachoomba, Duke, sikusemei. Kule ni maneno, na ulimi unao.)

Ningekuwa wewe, ningeanza na daftari la mikopo. Ulikuwa kidato cha pili, ukiliandika kila jioni. Kuna mteja alikaa miezi mitano bila kulipa, mumewe kaachishwa kazi bandarini. Ukalihamisha jina lake ukurasa wa mwisho, ili wenzake wakija kuangalia hesabu zao wasilione. Hukuniambia, nililikuta mwenyewe. Alimaliza deni kabla ya Ramadhani. Wale wa Stern wakitazama picha wataona safu za shilingi tu. Sentensi yako ndiyo iwaambie kwa nini jina moja liko nyuma peke yake.

Daftari nimelipata, lilikuwa chini ya mabaki ya lile robota. Mdogo wako atalipiga picha kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali mlangoni. Jina la yule mama nitaliziba kwa kidole. Kidole kikionekana, kiache hivyo hivyo.

Mamako