Naomba wino wa dome, usicheke

Shoga yangu Mwajuma,

Habari za Tanga, watoto hawajambo? Salamu za Bi Zena zimefika na deni lake nalijua, mwambie mwezi ukiisha. Kimya changu utanisema tukionana, chuo kimenibana mpaka basi.

Haya, nina shida. Nataka wino wa dome, yule ndugu yake ngisi, wino ule ule mnaoumwaga hapo soko la samaki la Deep Sea mkishawatumbua.

Sipiki! Mle mna melanini, hiyo hiyo inayotia weusi nywele zetu, na watu wanaichunguza kama semikondakta, yaani kitu kisichopitisha umeme kama shaba wala kuukataa kabisa kama plastiki. Mwaka 1974 McGinness na wenzake kule Houston, Marekani, waliibana melanini katikati ya vyuma viwili wakawa wanapandisha volti taratibu, inagoma inagoma, mara ikafunguka kama swichi. 1974 shosti! Na sisi tunaoshea sinki.

Si wino tu, hata nili, ile rangi ya jinzi, mwaka 2012 watafiti wa Linz kule Austria waliitengenezea transista, ile swichi ndogo ndogo ya umeme iliyojaa ndani ya simu, na ikafanya kazi. Wanachotaka ni vifaa vya umeme ambavyo ukimaliza kuvitumia vinaoza, maana lile gunia la simu mbovu la Kassimu lizidishe dunia nzima, mwaka 2022 peke yake taka za umeme zilifika tani milioni 62. Ila usimwambie Kassimu simu inayooza inakuja kesho, atatangaza mtaa mzima. Transista za hivi bado ni za polepole ukilinganisha na za silikoni zilizomo kwenye simu zetu, na mara nyingi waya zake ni dhahabu, sasa dhahabu inaoza wapi?

Ugomvi wangu na melanini lakini ni maji. Ikikauka umeme unafifia, ikinyonya unyevu, umeme unapanda, kwa sababu kinachotembea humo si elektroni tu, hata protoni, vile vichembe vyenye chaji chanya, zinazotoka kwenye yale maji. Mi nataka nione kwa unyevu wetu wa pwani inakuwaje, tena masika, na melanini ya kuagiza nje bei yake siiwezi, ndo nikakukumbuka wewe na lile beseni lako jeusi.

Kifuko kitoe kizima usikitoboe, kiko tumboni unakijua, halafu kwenye barafu moja kwa moja. Vikiwa vitano sita vinatosha. Na iwe dome, ngisi nitamtumia baadaye nikitaka kulinganisha.

Sasa niambie, dome wanapatikana saa hizi au mpaka bahari itulie? Bei ya barafu ngapi nikutumie kabisa? Yule konda wa basi la asubuhi bado anakuogopa, atabeba mzigo unaonuka? Na Rehema kakubali au bado anamzungusha yule kaka wa watu? Jibu leo, nimeshaomba nafasi maabara.

Wako,
Saumu