Risala ya Kamati ya Daraja la Miguu kwa Mgeni Rasmi, siku ya kufunguliwa upya daraja la hori

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mgeni wetu Rasmi,
Bwana Sheha wetu na masheha wa shehia jirani,
Maalim Mkuu na walimu wa skuli yetu,
Wazee wetu, mama zetu, mafundi, vijana na wanafunzi,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia uzima tukakutana hapa ukingoni mwa hori, mkono huu wa bahari ulioingia nchi kavu, pahali ambapo kwa masika mawili tulikuwa tukionana kwa mbali na kuitana kwa sauti, huyu ng'ambo hii na yule ng'ambo ile. Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kuacha gari barabarani na kuja kwa miguu kwa njia ile ile wanayopita watoto wetu.

Shehia yetu ni moja lakini hori limeikata mapande mawili. Huku tuliko ndiko iliko skuli, kituo cha afya na njia ya kutokea barabara ya Wete. Kule ng'ambo kuna nyumba, makonde, mikarafuu na pwani ya mwani. Mgeni akifika hapa saa 4 asubuhi siku ya bamvua, yaani siku za maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, anaweza kuuliza daraja hili la nini, maana ataona tope, mizizi ya mikoko na kaa wanaokimbia. Na arudi saa 10 jioni. Sisi wa Pemba tunajua kwamba bamvua hujaa jioni, na baina ya kupwa na kujaa maji hupanda zaidi ya mita 3. Saa hiyo hiyo ndiyo wanayotoka watoto wa zamu ya mchana. Kwa hiyo, Mheshimiwa, daraja lilipokuwa limefungwa, kila mwezi zilikuwepo siku ambazo mtoto anakwenda skuli kwa miguu na hawezi kurudi kwao ila kwa mtumbwi.

Daraja hili lilikufa kidogo kidogo. Mbao za juu zilikuwa bado zinapendeza, na sisi tulikuwa tunatazama mbao. Huko chini, pale maji yanapopiga na kuacha, boliti zilikuwa zinaliwa na kutu mpaka zikabaki nyembamba kama msumari. Chuma kilichozama muda wote hakiharibiki upesi kama kile kinacholoweshwa na chumvi kisha kikapigwa na upepo, kila siku, mara mbili. Hatukuinama kutazama. Kisha jioni moja ubao uligeuka chini ya mguu wa mtoto wa kike wa darasa la pili, akazama mpaka kiunoni baina ya boriti mbili. Mkoba wake ulinasa kwenye kichwa cha boliti, na mkoba ndio uliomshika mpaka wakubwa wakafika. Kesho yake tukafunga kamba pande zote mbili. Tunasema mbele yako bila kuficha kwamba kamba ile tulichelewa kuifunga.

Walioumia zaidi na kufungwa kwa daraja ni mama zetu wa mwani. Mwani huvunwa maji yakiwa yamekauka, na mvunaji huondoka shambani pale maji yanapoanza kurudi. Gunia la mwani mbichi linachuruza maji ya chumvi mgongoni, tope liko magotini, na nyuma yake hori linajaa. Wapo waliokuwa wakimwaga nusu ya gunia ili wawahi kuvuka. Msimu wa karafuu nao ulipofika, wachumaji walilipa nauli ya mtumbwi kwenda na kurudi, na karafuu iliyokauka vizuri ikirowa njiani hushuka daraja la ubora mizanini.

Mheshimiwa, tulipoamua kutengeneza, neno la kwanza lililosemwa kikaoni lilikuwa: mikoko si hii hapa? Ni kweli, boriti zimesimama hatua chache kutoka tulipokaa. Lakini Sheria Namba 10 ya mwaka 1996 ya misitu inatutaka tuwe na kibali, na zaidi ya sheria, wazee walitukumbusha kwamba mikoko hii ndiyo inayoushika ukingo ambao daraja limeegemea. Hatukukata hata mkandaa mmoja. Kwa nguzo zilizooza kabisa tulinunua nguzo za umeme zilizokwishatiwa dawa, kwa chango la nyumba kwa nyumba na fedha walizotuma vijana wetu walioko Unguja na Dar es Salaam.

Nguzo za zamani ambazo kiini chake kilikuwa kizima tuliziponya. Vijana walichimba tope mpaka wakafika penye mti mgumu, mafundi wakachonga uozo kwa tezo, kisha kila nguzo ikavishwa pipa la plastiki lililokatwa chini na juu, likajazwa nondo na zege. Pipa lilizuia maji yasiioshe zege kabla haijashika. Kazi ilifanywa siku za bamvua tu, kwa saa zile chache za maji makavu, na wakati mwingine mafundi walimalizia maji yakiwa kifuani. Mchanga wa pwani una chumvi inayokula nondo, kwa hiyo mchanga ulitoka ndani ya kisiwa na maji yalitoka kisimani. Ndoo hizo zote zilikuja vichwani mwa wanawake na wanafunzi. Anayesema daraja hili limejengwa na mafundi amesema nusu.

Mzee wetu mmoja, fundi wa majahazi, aliomba nguzo zisizovishwa zege zipakwe deheni ya shahamu na chokaa kama chombo kinavyopakwa tumboni, ili wadudu wa baharini wasizitoboe, na boriti za juu zipakwe sifa, yaani mafuta ya papa. Harufu ya papa mnayoisikia hapa, waheshimiwa, ndiyo hiyo. Itaondoka, boriti zitabaki.

Hesabu yote, iliyoingia na iliyotoka, imo katika daftari la mweka hazina lililopo mezani kwako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatukuja kuomba daraja jingine. Tunaomba mhandisi wa wilaya aje mara moja kila mwaka, masika yakishamalizika, ashuke chini ya daraja pamoja nasi maji yakiwa yamekupwa, na atuandikie alichokiona. Tunaomba halmashauri itenge fungu dogo la boliti zilizopakwa zinki, maana chango la nyumba kwa nyumba haliwezi kupigwa kila mwaka. Na tunaomba sheria ndogo ya kuzuia pikipiki. Hili linatuumiza moyo, kwani tangu juzi, kabla rangi haijakauka, pikipiki zimeanza kupita usiku. Vijana wa bodaboda ni watoto wetu na tunajua wanatafuta riziki, lakini daraja hili limepimwa kwa miguu ya watu.

Sasa inakaribia saa 9 na nusu, maji yameshafika kwenye mizizi. Watoto wa zamu ya mchana wamepewa ruhusa mapema leo, wako nyuma yako na mikoba yao. Tunakuomba ukate utepe, kisha uvuke nao mpaka ng'ambo, ambako mama zetu wanakusubiri na chai.

Tunaomba kuwasilisha.