Mwanangu, ule mpira wa kuzuga

Mwanangu mpenzi,

Ni saa kumi alfajiri, niko kazini. Wazee ninaowatunza wamelala, kengele za vyumbani zimetulia, na mimi nimechukua karatasi nikuandikie, maana tukikaa uso kwa uso nitaanza tena kusema kama jana ndani ya gari.

Jana nilisema dakika 40 nzima, tangu uwanja wenu wa softball, huo mchezo ndugu wa baseball ambao mrushaji anarusha kwa mkono wa chini, hadi mlangoni kwetu. Kwamba kocha ana wake. Kwamba anapima urefu, hapimi mpira. Kwamba ungekuwa na futi 5 na inchi 8 kama mrushaji mwenzako, kila Jumapili ungeanza kurusha wewe. Ulikuwa umeegemea dirisha, glavu mapajani, hukujibu kitu. Tulipofika ukapanda ukalala na soksi za mchezo, vumbi jekundu limekuganda magotini. Nilipokuja kukufunika kabla sijaondoka nikasikia harufu ya dawa ya misuli. Umejipaka bega zima la kulia. Hukuniambia kama linauma.

Kwanza nikwambie lililo kweli, usije ukadhani nimegeuka. Upendeleo wa urefu upo. Agosti mwaka jana, siku ya majaribio ya ile timu nyingine, kabla mtoto hata mmoja hajarusha mpira, kocha wao alipita mbele yenu akachagua warushaji kwa macho. Warefu watatu akawatuma kwenye duara la mrushaji. Ulinyoosha mkono ukasema na wewe unarusha. Akakutazama tangu kichwani hadi viatuni, akatabasamu, akakupeleka kulinda beisi ya pili. Niliona kwa macho yangu, na nikikumbuka koo hunikaba hadi leo.

Wala urefu si kitu cha kubuni. Mkono mrefu ukizunguka, kiganja kinakwenda kasi zaidi. Mguu mrefu ukipiga hatua, mpira unaachiwa karibu zaidi na mpigaji. Kwa umri wenu toka duara hadi bamba anaposimama mpigaji ni futi 40, mita 12 na kidogo, na mpira wa maili 50 kwa saa unamfikia mpigaji kwa muda wa kama nusu sekunde. Ukimpunguzia hapo hata hatua moja, umemnyang'anya nafasi ya kuamua. Monica Abbott, mrushaji wa Marekani, ana futi 6 na inchi 3, na mwaka 2012 alirusha maili 77. Jennie Finch, mwenzake, ana futi 6 na inchi 1. Kocha aliyezoea kuwatazama hao, akiona mtoto mrefu moyo unamwenda mbio.

Lakini Lisa Fernandez, naye mrushaji wa Marekani, alipokuwa na miaka 12, umri wako huu, mwalimu wa kurusha alimwambia mikono yake ni mifupi, umbo lake si la mrushaji, hatafika mbali. Mtoto wa California, baba ametoka Cuba, mama Puerto Rico. Mchezo wake wa kwanza, akiwa na miaka 8, walifungwa 28 kwa 0. Alipomaliza kukua alikuwa na futi 5 na inchi 6, akachukua dhahabu ya Olimpiki mara tatu, Atlanta 1996, Sydney 2000 na Athens 2004. Kule Sydney aliwatoa wapigaji wa Australia mara 25 kwa straiki, yaani walishindwa kuupiga mpira wake, katika mchezo mmoja, na bado mchezo wenyewe Marekani wakaupoteza. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote. Sikutajii jina lake ili nikuahidi medali, na wala sitakuahidi kwamba utarefuka. Bibi yako ni mfupi, mimi ni mfupi. Huenda na wewe ndiyo hivyo.

Sasa nikwambie la kwangu. Nilipokuwa darasa la tano, Tanga, mwalimu wa michezo alitupanga wasichana kwa urefu, akahesabu saba wa mwanzo, akasema hao ndio timu ya netiboli. Hakuna aliyegusa mpira. Mimi nilikwenda mashindanoni nimebeba ndoo ya machungwa. Na jioni, kwenye rede pale uwanjani kwetu, wasichana haohao saba walikuwa hawanipati. Wananirushia mpira wa soksi huku na huku, naukwepa, najaza mchanga kwenye chupa hadi unamwagika, naimwaga naanza upya. Nilikuwa mdogo, sionekani, sishikiki. Mwalimu hakuwahi kuja kutazama rede. Kidonda kile sikukiacha Tanga, mama. Nilikuja nacho huku Marekani, Minnesota, na siku ulipovaa glavu nikakubandika wewe.

Unalijua lile daftari langu la kijani. Tangu Aprili naandika kila mchezo nani karusha ingi ngapi, yaani zamu ngapi za mchezo. Wewe 14, mwenzako 31. Jana usiku, kabla sijavaa sare, nilimpigia kocha wako simu na daftari mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Akanisikiliza hadi mwisho, halafu akaniuliza kwa upole, "Amekwambia kuhusu mpira wa kuzuga?"

Akanieleza kwamba Jumamosi alikupa ishara ya mpira wa kuzuga, ule unaoonekana wa kasi kumbe unakuja polepole, mara 11, ukaurusha mara 2. Zile 9 ulirusha wa kasi. Na kwamba si Jumamosi tu, ni wiki ya nne sasa.

Nilikosa la kusema. Mpira ule naujua kuliko anavyoujua yeye. Tuliupika wenyewe gerejini mwezi wa kwanza, nje theluji imefunika hata gari, mimi nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia na koti, wewe na mashine ya joto miguuni. Gereji haifiki futi 40, tukawa tunafanya mkono tu. Mkono unazunguka kwa nguvu zileile, uso uleule, hatua ileile, ila mpira umeuzamisha ndani ya kiganja, na mwisho unatangulia mgongo wa mkono badala ya vidole. Mara ya kwanza ulipokubali ulinijia polepole kabisa, unazunguka mshono mwekundu nauona, na mimi niliyejua kinachokuja nikafunga glavu mapema ukanigonga kifuani. Ulicheka hadi ukakaa chini. Siku ile nilijua nina mrushaji nyumbani. Maili 47 peke yake mpigaji mzuri anaizoea. Umtangulizie ya maili 36, ile 47 ikija baadaye inamkuta bado anapepesuka.

Na umeuacha. Nimewaza njia nzima kuja kazini kwa nini, na jibu ninalo. Wiki ya nne iliyopita ndiyo nilipoanza kusema ndani ya gari kwamba hapa wanataka kasi na urefu tu. Urefu huwezi kujipa, basi ukaenda kuitafuta kasi. Na kwa sababu kasi ya kweli inatoka kwenye mguu unaosukuma na kiuno kinachofunga, nayo huja polepole kwa miezi, wewe umeikamua kwenye bega. Dawa niliyoisikia usiku ni maneno yangu hayo. Nisamehe, mwanangu.

Kwenye simu ileile na kocha nilirudi kwenye daftari. Nilikuwa nimeandika ingi tu, sikuandika wapigaji waliopewa beisi ya bure kwa mipira iliyokosa shabaha, kwa hiyo nikafungua alama za timu kwenye simu nikahesabu. Wewe umetoa 9 katika ingi 14. Mwenzako 24 katika ingi 31. Umemzidi kidogo kwa ulengaji, hilo nilimwambia kocha, na hakubisha. Alikiri kwamba Jumapili, ile michezo ya kufungwa na kwenda nyumbani, anaingiwa na hofu na kukimbilia kasi. Nilimheshimu kwa kulisema. Lakini akasema pia, "Siwezi kumpa mpira wa Jumapili mtoto ambaye sijui atarusha nini." Na hapo sikuwa na jibu.

Halafu kuna huyo mwenzako mrefu, ambaye nimemtaja kila siku kama adui. Jana alirusha michezo mitatu. Ulipokuwa unakunja mkeka nilimwona nyuma ya kibanda na mfuko wa barafu begani, analia taratibu, mama yake anamshika mkono. Naye ana miaka 12. Wavulana wa baseball wanahesabiwa mipira ili wapumzishwe. Nyie wa softball, kwenye mashindano mengi, hamhesabiwi, kwa ile imani kwamba mkono wa chini hauchoki. Yukiko Ueno wa Japani alirusha mipira 413 kwa siku mbili kwenye Olimpiki ya 2008, watu wanasimulia kwa kumsifu, na ni haki yake, lakini yule alikuwa mtu mzima wa miaka 26. Kocha anayemwona mtoto mrefu tu anawakosea watoto wawili, mmoja kwenye benchi na mwingine kwenye duara. Ungeweza kumpumzisha. Sikuwahi kulifikiria hilo hata siku moja, nilikuwa nahesabu ingi zake kama anazichukua mfukoni mwako.

Sikumwomba kocha akupange. Nimemwambia utamfuata mwenyewe Jumanne kabla ya mazoezi, umuulize anahitaji kuona nini ili akupe Jumapili moja. Swali ni lako, ulimi ni wako. Mimi nitakuwa ndani ya gari, na kwenye gari hakuna kocha wala mwenzako mrefu hadi msimu uishe. Nikianza, niambie, "Mama, machungwa." Nitaelewa.

Bega lako leo liachie lipumzike, na jioni nataka uniambie kwa kweli linauma wapi, mbele au nyuma, ukinyanyua au ukishusha. Likiendelea hadi Jumatano tunakwenda kwa daktari, mchezo uwepo usiwepo.

Wali na samaki wa jana viko kwenye friji, bakuli la bluu. Nikirudi nitalala hadi saa tisa. Bega likishatulia, niamshe siku hiyo ukitoka shule, ndoo iko palepale nyuma ya mlango wa gereji. Tutarusha 20 tu, taratibu, yote ya kuzuga.

Mama yako