Anayehamisha santuri ahamishe na lebo

Kwa Mhariri,

Msomaji mmoja aliuliza katika ukurasa huu iwapo kazi ya kuhamisha nyimbo kutoka sahani za santuri hadi kwenye kompyuta inaweza kumpa mtu riziki ya ziada. Mimi ni fundi wa redio hapa Mombasa, na kazi hiyo naifanya jioni nikishafunga duka. Riziki ipo. Kinachoniuma ni jinsi wengi wanavyoifanya.

Wateja wangu wengi ni watoto na wajukuu wa wazee waliotangulia mbele ya haki. Huja na boksi lililotolewa uvunguni: taarabu za chapa ya Mzuri zilizotolewa hapa hapa Mombasa, dansi za Tanzania zilizochapwa Nairobi, na mara moja moja ile sahani nzito ya mwendo wa mizunguko 78 kwa dakika. Baadhi wamekwisha kupita kwa fundi mwingine, nao hunionyesha walichopewa: Wimbo 1, Wimbo 2, Wimbo 3. Aliyeimba ni nani? Kikundi gani? Mzee aliyejua hayupo tena, na sahani zenyewe fundi alishauri zitupwe, zikatupwa. Mhariri, maelezo yote yalikuwa pale kwenye lebo, karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya sahani. Jina la mwimbaji, kikundi, mtunzi, nambari ya sahani. Kwa nyimbo nyingi za miaka ya 1960 na 1970, karatasi ile ya duara ndiyo hati pekee iliyobaki. Mimi huipiga picha pande zote mbili, nikaandika kila kilichomo, pamoja na nambari iliyokwaruzwa pale mistari inayopitiwa na sindano inapoishia.

Halafu kuna hizi sahani ndogo za 45. Upande mmoja hubeba dakika nne au tano hivi, ndiyo maana nyimbo nyingi za dansi ziligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili. Nimeona watu wakihamisha upande mmoja tu, wakidhani wa pili ni marudio. Huko ndiko magitaa yanakochangamka!

Programu za kuondoa kelele nazo zitumiwe kwa kiasi. Ukizidisha, kelele inaondoka pamoja na fidla na matari, sauti ya mwimbaji inabaki kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Afadhali kuiosha sahani vizuri kabla ya kuipiga. Ila spiriti isiguse sahani ya 78, kwani ile lakri yake huyeyuka. Tena ina mistari mipana, inataka sindano yake yenyewe.

Kuhusu bei, huyo msomaji asidanganyike kwamba mashine ndiyo inayofanya kazi. Sahani ya dakika 40 huhamishwa kwa dakika 40, na hapo hujaosha, hujakata, hujaandika. Nalipisha shilingi 200 kwa sahani ndogo na 800 kwa kubwa, na mteja huondoka na faili kubwa ya WAV ya kuweka, MP3 ya kusikiliza kwenye simu, picha za lebo, na sahani zake zote.

Jambo ambalo silikubali kabisa ni kuuza nyimbo hizo kwa mtu wa pili au kuzitia kwenye intaneti ili zilete pesa. Tunauza huduma, wimbo si wetu. Kwa sheria ya Kenya, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Hata rekodi yenyewe ikiwa imepitisha miaka yake 50, mtunzi huenda yu hai, au ana warithi, na baadhi yao tunaishi nao mji huu huu.

Msomaji huyo akiamua kuanza, pesa yake ya kwanza ainunulie sindano mpya, kwa sababu iliyochakaa hukwangua mistari na sahani ya mteja haitengenezeki tena. Na waya wa ardhi wa mashine aufunge, la sivyo kila wimbo utakuwa na mngurumo chini yake. Wenye sahani majumbani nao, tafadhali zisimamisheni wima kama vitabu, mbali na joto la mabati, maana zikishapinda sindano haikai.

Fundi wa redio,
Mombasa