Kabla ya Baridi, Anza na Maji

Kila baridi inapokwisha, sisi watunza bustani tunapigiwa simu zilezile: "Njooni muone, mti wangu umeuawa na baridi." Tukifika, mara nyingi tunakuta mti ulikufa kwa kiu. Miti isiyopukutisha majani, kama misonobari, huendelea kupoteza maji hata wakati wa baridi, hasa siku za jua na upepo. Udongo ukishaganda, mizizi haina pa kuyapata mengine. Ndiyo maana kazi yetu ya kwanza ni kumwagilia, tena maji yazame hasa, kabla ardhi haijaganda. Wateja wengine hutushangaa.

Lakini maji hayohayo yakisahauliwa kwenye bomba, ni hasara. Yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Hupasua bomba la chuma, sembuse chungu cha maua! Funga maji kutoka ndani ya nyumba, kisha fungua koki ya nje na uiache wazi ili yaliyobaki yatoke. Mpira wa kumwagilia uchomoe. Ukiachwa hapo, huzuia maji ndani ya koki. Vyungu vya udongo viingize ndani.

Matandazo ya majani makavu au magome yawe na unene wa sentimita 5 hadi 10, na usiharakishe kuyaweka. Subiri udongo upoe, la sivyo panya watajitandikia humo. Hayawekwi ili kuupasha udongo joto. Yanauzuia usigande na kuyeyuka mara kwa mara, maana hali hiyo husukuma mimea michanga juu hadi mizizi ikabaki nje. Yasiguse shina, litaoza.

Kuhusu kupogoa, hapo huwa tunabishana na wateja, na kazi mbili tatu zimetuponyoka kwa sababu hiyo. Ukipogoa kabla ya baridi, mti huchipua, na machipukizi laini huuawa na jalidi ya kwanza, yaani baridi kali inayogandisha umande. Tunaondoa matawi makavu na yenye ugonjwa tu. Mbolea ya naitrojeni nayo isubiri.

Mashina ya nyanya yaliyougua yasiingie kwenye mboji. Mizizi ya maua ya dahlia ichimbue jalidi ikishaunguza majani yake. Vitunguu saumu, kinyume chake, ndio wakati wake wa kupandwa.

Ukituita, tuite kabla ya jalidi kuanza, na siku tukija utuonyeshe kwanza koki kuu ilipo. Kuitafuta hutuchukua muda mrefu kuliko kumwagilia.