Kabla hujaitupa dai, angalia ganda lenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua niongee na wenzangu wenye leseni ya bunduki wanaojaza upya maganda ya risasi zao, pale sheria inapowaruhusu, maana kila wakikutana malalamiko ni yale yale, mara presi (mashine ya mkono ya kusukumia ganda) mbovu, mara dai (kalibu ya chuma inayolirudishia ganda umbo) feki, mara kishikio (kinachoshika kitako cha ganda) hakikai sawa, na dawa wanayoijua ni moja tu, kununua kingine. Pesa nyingi zinaenda bure hapo. Mara nyingi kifaa ni kizima kabisa na ganda lilishakuonyesha shida iko wapi, ila hukuliangalia.

Tuanze na lile linalotoa watu jasho, ganda kukwama ndani ya dai ya kurudishia umbo. Umesukuma mkono wa presi likaingia, kutoka halitaki, ukalazimisha, ukingo wa kitako ukanyofoka na kishikio kikashuka kitupu. Utasikia dai ina kasoro. Kasoro gani sasa, wakati ganda lilipakwa mafuta kidogo, au lilipakwa juu likasahauliwa huku chini karibu na kitako, na huko chini ndo linabanwa kuliko popote! Halafu kuna wanaotumia yale mafuta ya kupuliza ya kulegezea nati, hayo hayahimili mgandamizo ule hata kidogo, tafuta mafuta au nta iliyotengenezwa kwa kazi hii. Kulitoa inawezekana wala si lazima uende dukani. Hakikisha fataki (kile kikofia kidogo kitakoni kinachowasha baruti) imeshatoka, ukiwa na shaka drili usiiguse, kisha pandisha shina la pini (ile inayosukuma fataki iliyotumika itoke) juu kadiri linavyokubali ili drili isilipate, toboa kitako kupitia pale pale kwenye kishimo cha fataki, kata nyuzi kwa tapu, weka soketi kubwa ikae kwenye mdomo wa dai, pitisha bolti yenye washa yake, kisha kaza pole pole. Ganda litapanda lenyewe ndani ya soketi. Nyundo weka mbali.

Sasa mtu akishakwamisha mara moja anaogopa, kesho yake anapaka mafuta kama anakaanga maandazi, maganda yanatoka na mabonyeo begani (pale ganda linapoanza kubana kuelekea shingoni), dai inalaumiwa tena. Mafuta yakizidi hayana pa kwenda, yanakusanyika pale begani na yenyewe hayashindiliki, kwa hiyo yanalibonyeza ganda. Dai nyingi zina kitundu kidogo cha kupumulia, kikiziba hata mafuta ya kiasi yanaleta mambo hayo hayo. Kizibue. Bonyeo dogo litanyooka lenyewe ukishafyatua, lenye mkunjo mkali tupa. Na ukiona mistari ya michubuko inashuka mbavuni kwenye kila ganda, kuna chembe ya mchanga au ya shaba imeng'ang'ania ukuta wa dai, ukiisafisha vizuri kwa kawaida yanaisha, na ukome kuingiza maganda yaliyookotwa chini bila kuyaosha.

Pini kuvunjika nako kuna hadithi yake. Mulika tochi ndani ya ganda kabla ya yote. Ukiona tundu moja katikati, hilo ni la mtindo wa fataki wa Boxer, pini itapita. Ukiona vitundu viwili pembeni, ni Berdan, pini inagonga ukuta na lazima ivunjike au ipinde, hata ubadilishe pini ngapi. (Kinachonichekesha ni kwamba Boxer alikuwa Mwingereza na Berdan Mmarekani, ila Wamarekani ndo wakaushika mtindo wa Boxer na Ulaya ikaupenda wa Berdan.) Kama ni Boxer na bado inavunjika, basi kuna punje za kusafishia maganda zimeziba tundu, au shina umelishusha mno.

Sasa hili la bolti ya bunduki kufunga kwa shida baada ya ganda kupita kwenye dai, hapa ndo watu wengi wanapotea. Wanashusha dai mpaka iguse kishikio wakiwa hawana ganda ndani, wanaona imekaa vizuri. Ukiweka ganda presi inajivuta kidogo, bega halirudi nyuma inavyotakiwa. Paka ganda mafuta, lipandishe mpaka mwisho, weka taa nyuma uchungulie kati ya dai na kishikio. Ukiona uzi wa mwanga, hapo pana nafasi, kaza dai. Lakini kaza kwa adabu! Nyuzi za dai nyingi ni 14 kwa inchi, yaani mzunguko mmoja mzima ni karibu milimita 1.8, na bega kwa bunduki ya bolti linatakiwa lirudi milimita 0.025 hadi 0.05 hivi. Sasa we ukizungusha robo unafanya nini? Bega likirudishwa kupita kiasi, ganda linatanuka kila unapofyatua, ukuta unakonda juu kidogo ya kitako na siku moja linakatika vipande viwili ndani ya chemba (pale risasi inapokaa kwenye bunduki), na moshi wa moto unakurudia usoni. Angalia kama kuna mviringo unaong'aa pale nje, na ingiza waya mwembamba uliopindwa ncha ukwaruze ndani, ukihisi mfereji litupe ganda hilo, usibishane nalo.

Wakati mwingine dai haina kosa wala wewe huna, ganda limerefuka tu. La risasi ya .308 Winchester lisizidi inchi 2.015, watu wanalikata hadi 2.005. Bila kalipa (kifaa cha kupimia urefu) hutajua. Au limefyatuliwa mara nyingi mpaka shaba imekuwa ngumu, ukilibana linarudi lilipokuwa, hapo linahitaji kupashwa moto shingo na bega peke yake. Kitako kisiguswe na moto, kikilainika ganda hilo ni hatari.

Na wanaosafisha kwa dawa za shaba zenye amonia waache. Ganda ni kama asilimia 70 shaba na 30 zinki, na amonia inaupasua mchanganyiko huo pale penye mkazo. Jeshi la Waingereza kule India karne ya 19 lilikuta maganda yamepasuka yenyewe yakiwa yamehifadhiwa mazizini msimu wa mvua, kumbe ni amonia ya mikojo ya farasi.

La mwisho ni fataki kukataa kuingia. Kama ni maganda ya jeshini, kishimo chake kina ukingo uliobanwa kuishikilia fataki ya kwanza, uondoe ukingo huo kwa kifaa chake mara moja tu na usisukume kwa nguvu, fataki si kitu cha kulazimisha. Ikiwa kinyume, yaani inaingia bila ukinzani wowote, kishimo kimepanuka na hilo halina fundi, liponde mdomo kwa koleo kabisa lisije likarudi kwenye kopo la mazima.

Msomaji wako,
Mjaza maganda