Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Misaada: chakula kipo stoo, wazee wana njaa

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Shikamoo. Mimi ndiye msimamizi wa vijana wanaojitolea kuwapelekea wazee chakula. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu barua za bahasha za kuomba hela ya usafiri nimeshaleta ofisini kwako, zikagongwa mhuri wa kupokelewa, nikaambiwa niende nyumbani nitapigiwa simu. Mpaka leo sijapigiwa. Kukuandikia mbele za watu sio heshima najua, na kama yasingetokea ya jana ningeendelea kusubiri.

Jana kuna bibi yetu mmoja, anaishi peke yake, ana kisukari na presha, alisubiri mfuko wake wa wiki haukufika. Pikipiki zetu hazina petroli ndio maana. Mfuko wenyewe ulikuwepo, umeshafungwa, jina lake limeandikwa juu kwa kalamu nene, umekaa kwenye rafu stoo. Alipoona jua limepanda na ndani hamna kitu akachukua mkongojo wake akatoka mwenyewe kwenda sokoni, kwenye msongamano uleule ambao tangu korona ianze tunamsihi asiukaribie, na hata hajafika akaanguka njiani. Jirani yake ndio akatupigia. Saa hizi yuko wodini nyonga imevunjika, na wewe unajua mheshimiwa, mtu wa umri ule mwenye kisukari kulazwa hospitali kipindi hiki ni hatari juu ya hatari.

Sisemi kwamba wewe ndiye uliyemwangusha. Nasema chakula chake kilikuwepo, kijana wa kukipeleka alikuwepo, kilichokosekana ni hela ya kukifikisha na hiyo hela iko kwenye akaunti ya kamati yako.

Naomba nikukumbushe siku ya uzinduzi wa mchango. Ulisimama mbele ya kamera ukasema hakuna mzee atakayelazimika kutoka nje kufuata chakula, kitamfuata mlangoni. Ulisema mlangoni, mheshimiwa, mimi nilikuwepo. Watu wakachanga kweli, wengine wametoa na wao wenyewe kazi zimesimama, na sisi vijana tukajiandikisha kwa sababu ya neno lako. Wazee nao tukawaambia tulieni ndani, msitoke, tutakuja. Sasa wakituuliza mbona hamji tuwajibu nini?

Kwa ninavyoona mimi shida ilianzia kwenye fomu. Fomu ya matumizi imeandikwa vyakula na vifaa vya usafi, basi, usafiri haumo, kwa hiyo nahisi mhasibu anaogopa mkaguzi atakuja kumuuliza petroli imetoka kifungu gani. Wapo wanaosema pesa imehamishiwa kwingine ila mimi sijaona kwa macho yangu na sitaki kumsingizia mtu. Lakini hata kama ni fomu tu, fomu si inarekebishwa? Na wafadhili nao, nisiwafiche, kila mtu anapenda kutoa gunia apigwe picha na gunia, sijaona hata mmoja aliyeomba apigwe picha na dumu la petroli, wala vocha ya kuwapigia wazee, wala barakoa za vijana wanaozunguka mchana kutwa. Matokeo yake stoo imejaa na nyumba za wazee tupu. Vitu vingine vimeshaanza kuharibika, nimevitoa mwenyewe kwa mikono yangu kuvitupa, na roho iliniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Labda ofisini mnadhani kupeleka mfuko ni kazi ndogo, mtu anabeba anaenda anarudi. Njooni siku moja muone. Kwanza simu. Mzee ukimuuliza umekula atakujibu nimekula mwanangu hata kama tangu jana hajatia kitu mdomoni, hataki kusumbua, kwa hiyo sisi tulijifunza kuuliza umekula nini, hapo ndipo unasikia kimya. Halafu anayechoma insulini hawezi kukaa bila kula, sukari itashuka azimie na yuko peke yake, huyo ndio wa kwanza kwenye msafara. Mwenye vidole vya baridi yabisi huwezi kumpa mfuko mmoja mzito, unamgawia miwili miepesi, na chupa unamlegezea kifuniko kabla ukiwa umenawa. Ukifika unaweka mlangoni, unabisha, unarudi nyuma hatua kadhaa unangoja mpaka mlango ufunguliwe, hauondoki hivihivi, kwa sababu usipofunguliwa ujue kuna jambo. Na lazima kijana awe na kitambulisho shingoni, kuna matapeli wanajifanya watu wa misaada wanawaibia wazee, kwa hiyo huwezi kumtuma mtu yeyote tu aliyepita barabarani. Na wengi wa wazee wetu hawana simu za kuagiza vitu kwenye intaneti. Sauti ya binadamu wanayoisikia kwa wiki nzima ni ya huyo kijana anayesalimia kutoka mbali. Hii yote kwenye bajeti yenu haina hata mstari mmoja.

Na si kwamba mimi ndio nimetunga kwamba wazee wako hatarini zaidi. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba hili ni janga la dunia, na tangu mwanzo linasema wenye umri mkubwa na wenye maradhi kama kisukari, moyo na mapafu ndio wanaoumia zaidi. Kule Marekani CDC, yaani kituo chao cha kudhibiti magonjwa, mwaka 2020 walitoa takwimu kwamba katika kila vifo 10 vya korona 8 ni vya watu wa miaka 65 na kuendelea. Ndio maana wanaambiwa wakae ndani. Sasa ukimwambia mtu akae ndani halafu humpelekei chakula umemwambia achague ugonjwa au njaa.

Wengine wameweza. Uingereza mwezi Machi 2020 waliomba watu 250,000 wa kujitolea kusaidia waliofungiwa ndani, wakajitokeza zaidi ya 750,000, na serikali yenyewe ikagharamia makasha ya chakula yapelekwe mpaka mlangoni kwa wale ambao maradhi yao hayawaruhusu kutoka kabisa. Utaniambia wao wana uwezo. Sawa, lakini hapa tulipo chakula kimeshanunuliwa na watu wa kujitolea wapo, kilichobaki ni kipande cha njia kutoka stoo mpaka kwa mzee. Umoja wa Mataifa tangu 1991 umeweka misingi ya haki za wazee na ule wa kwanza kabisa unataja chakula na maji. Miaka yote hii imepita na bado bibi anaanguka barabarani.

Mimi binafsi nimefika mwisho mheshimiwa. Petroli nimeweka kwa hela yangu mpaka ya kodi ya nyumba ikaisha, mwenye nyumba anagonga kila asubuhi, tairi la nyuma limebaki waya, mke wangu ameacha kuniuliza maana anajua jibu. Nina mama yangu mzazi ndani, naye ni mtu mzima, nikirudi navua nguo nje naoga ndio niingie, nalala chumba cha mbele peke yangu nisije nikamletea. Sijamkumbatia mama tangu hii kitu ianze na tunaishi nyumba moja. Sijaomba mshahara na siombi, nimefanya kwa moyo na ningefanya tena, lakini pikipiki haiendeshwi kwa moyo, na vijana wameanza kupungua mmoja mmoja, siwalaumu, na wao wana familia.

Nilitaka kuomba mengi, barakoa za kutosha, vocha, mtu wa kutusaidia kupiga simu, na taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe ukutani kila aliyechanga aisome. Nayaomba yote. Lakini kwa leo naacha, naomba moja tu, ile karatasi ya kuidhinisha hela ya usafiri iliyo mezani kwako itie saini. Ukurasa ni mmoja. Kama fomu haina kifungu cha usafiri andika kwa mkono pembeni ugonge mhuri, sisi tutaleta risiti ya kila lita, mkaguzi akija aje kwangu.

Itie saini leo mheshimiwa, kabla ofisi haijafungwa, maana kesho kuna watu wanaochoma insulini kwenye orodha na mifuko yao imeshafungwa. Nitakuwa hapo nje ya geti kuanzia saa mbili asubuhi, na nitakuja na hiyo orodha.

Wako mtiifu,
Msimamizi wa vijana wanaojitolea kupeleka vyakula kwa wazee